Usingizi wa Mama Mkwe

"Mimi sinywi," mama mkwe alisema tena, "na huyo aliyekuambia nakunywa, mnuse mdomo yeye kwanza."

"Hakuna aliyeniambia, mama. Hili swali namuuliza kila mtu. Hata waziri akilala hapo namuuliza."

"Basi mngoje waziri."

 Mkwewe alikuwa ameuliza huku akitazama mguu wa kitanda, kwa sababu mtu mwenye adabu zake hamkazii macho mama wa mkewe, sembuse akiwa amevaa gauni la hospitali linalofungwa mgongoni kwa kamba mbili, na moja imekatika. Alivuta stuli akakaa. Hiyo peke yake ilikuwa dalili mbaya, maana siku hizi bwana huyu akishakaa, kuinuka kwake kunahitaji kamati.

Hospitali nzima ilimwita Nusu. Jina lilitokana na nusukaputi, ile dawa inayomlaza mtu asisikie kisu, kwani kazi yake ndiyo hiyo: kulaza watu na kuwaamsha. Mtaani walimpamba zaidi. Walisema akipita getini mbwa wa mlinzi hupiga miayo. Walisema siku moja alifungua chupa vibaya, akamlaza mgonjwa, daktari na jenereta kwa mpigo mmoja, na aliyebaki macho ni paka aliyekuwa nje ya dirisha akisubiri mabaki. Wanawake wenye watoto wasiolala walimletea vichanga mlangoni wakisema, "Baba, mpulizie kidogo tu." Naye aliwarudisha kwa upole, akiwa na macho mekundu kama ya mtu aliyekuwa akikata vitunguu tangu ujana.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kubeba gunia, ambao ukiutua umekwisha. Wake ulikuwa wa kukaa kichwani pa watu. Daktari akikata, Nusu hukaa juu ya stuli ndogo upande wa kichwa, mkono chini ya taya la mgonjwa, macho kwenye kioo cha mashine, sikio kwenye pumzi. Pumzi ikipungua, moyo wake nao unapungua. Pumzi ikirudi, naye anarudi. Mtu wa pili aliyesaidiana naye alikuwa amehamishwa, nafasi yake ikabaki kwenye ahadi. Kwa hiyo Nusu alipumua kwa niaba ya watu tangu asubuhi mpaka jioni, kisha akaenda nyumbani kupumua kwa niaba yake mwenyewe, na mara nyingine alisahau.

Asante ndiyo hakuipata kabisa. Mgonjwa akipona humshukuru daktari aliyemkata. Aliyemlaza hamkumbuki, kwa sababu dawa yenyewe hufuta: sura ya mwisho mtu anayoiona kabla ya kisu ndiyo ya kwanza kusahaulika. Kuna mama mmoja alimshika mkono asubuhi akimwomba asimwache, machozi yanamtoka. Keshokutwa yake wakapishana kwenye korido, akamwambia, "We mfagiaji, choo kiko wapi?" Nusu akamwonyesha choo.

Na leo zamu ilimfikia mama mkwe. Alikuwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, mfuko umevimba, na homa imeanza kupanda. Daktari wa upasuaji alimbonyeza tumbo mara moja tu akasema ni leo, kabla halijapasuka lenyewe. Nusu aliomba mtu mwingine amlaze. Akaulizwa, mtu mwingine yupi? 

Alianza kwa kumtuma muuguzi wa wodi amuulize bibi maswali yote: ana pumu, ana meno ya bandia, anavuta, anakunywa. Muuguzi alirudi ameduwaa. Bibi alisema hajawahi kuonja hata siki, kisha akamhutubia juu ya ubaya wa pombe mpaka binti wa watu akaomba radhi, na kosa hakuwa nalo.

Hotuba ile mtaa wote uliijua. Mume wa bibi huyu alikuwa mlevi, na pombe ndiyo iliyomzika. Halafu mwanawe wa mwisho, kitindamimba, akaanza kurudi nyumbani akinuka kama baba yake. Mama alivumilia, akasema, akalia. Siku moja akalibeba godoro la kijana kichwani akalitupa nje mbele ya majirani, akaapa kwamba harufu ile haitavuka tena kizingiti chake. Kijana alilichukua godoro akaondoka nalo. Miaka saba ilipita. Akawa fundi wa kuchomelea mageti upande mwingine wa mji, na wapita njia walisema hanywi tena, lakini habari za wapita njia mama hakuzipokea. Akawa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na akisimama kusema juu ya chupa, wanaume wa mtaa wa pili walijificha uvunguni.

Sasa umuulize mtu huyo kama anakunywa. Tena umuulize wewe, mume wa binti yake.

Lakini Nusu alikuwa na sababu. Bibi alipokuja kuwatembelea mwisho wa mwaka, alikuja na chupa yake ya chai. Hakumpa mtu chai hiyo, wala hakuitia sukari mbele ya mtu. Alisema ni ya majani ya kutuliza tumbo, na akaiweka karibu na mto wake. Siku ya tatu chupa ilianguka jikoni ikamwagika chini ya sinki. Asubuhi mende wa nyumba nzima walikutwa wamelala chali, miguu juu, wengine wameshikana mabega kama wanaotoka harusini. Nusu, ambaye pua yake imesomea vitu vinavyolaza viumbe, aliinama, akanusa, akachukua ufagio. Mkewe alipouliza, alisema amepuliza dawa ya mende. Ya mama mkwe huyaoni hata ukiyaona.

Angeendelea kutoyaona mpaka kaburini, kama si hili la leo.

"Mama," akasema, bado akiutazama mguu wa kitanda, "sikuulizi kwa ajili ya kukuhukumu."

"Hukumu ya nini, na kesi hakuna?"

"Nataka nijue kipimo. Basi."

"Kipimo si kiko kwenye kitabu? Ulisoma miaka yote ile unafanya nini? Nipime kilo, unipe langu, nilale." Akavuta shuka mpaka kidevuni. Mkono uliovuta shuka ulikuwa unatetemeka, na yeye akauona unatetemeka, akauficha chini ya ule mwingine. Wa juu nao ukaanza kutetemeka. Akaikalia yote miwili. "Baridi," akasema. Dirisha lilikuwa wazi, na nje jua lilikuwa kali kiasi cha kukaanga yai juu ya kipara cha mlinzi.

Nusu akafumba macho kidogo. Angeweza kulala palepale. Ndipo akamsimulia habari ya dereva wa lori, habari ambayo hakupenda kuisimulia. Dereva yule naye aliulizwa akasema hanywi, kwa sababu mkewe alikuwa amesimama pembeni. Akapewa kipimo cha mtu asiyekunywa. Wakampasua. Baada ya siku mbili akamwita daktari kitandani kwake akamwambia taratibu, "Ile hadithi yako ya fundi aliyekula pesa za paa lako, hukuimalizia." Daktari akakaa chini. Hadithi ile aliisimulia huku mikono yake yote miwili ikiwa ndani ya tumbo la dereva.

Mama mkwe aliteremsha shuka kutoka kidevuni. 

"Kwa nini hakupiga kelele?" akauliza.

"Kuna dawa mbili, mama. Moja inalaza. Nyingine inalegeza mwili, ili tumbo lisikaze daktari akashindwa kukata. Ya kulegeza ilishika. Ya kulaza haikutosha."

"Kwa hiyo yumo ndani."

"Yumo ndani, anasikia, na hata kope hawezi kuinua."

Nje machela ilipita, gurudumu moja likilia. Waliisikiliza wote wawili mpaka ikapotea. Bibi akauliza kwa sauti ya chini kidogo pombe inahusianaje na sindano, maana moja inatoka kwa wahuni na nyingine kwa serikali. Nusu akaona mlango umefunguka upenyo. Alikuwa amechoka mno kuuingia kwa vitabu, akaingia kama alivyo.

Alimwambia ubongo ni mtaa wa wapiga domo. Kila chembe inamwambia jirani yake, naye anampasia jirani yake, na kelele hizo ndizo kuwa macho, ndizo kuumwa, ndizo kukumbuka. Mtaa ukiachwa hivyo utapasuka, kwa hiyo ubongo wenyewe unatengeneza maji yake ya kutuliza. Juu ya ngozi ya kila chembe kuna vilango vidogo, wataalamu wanaviita vipokezi. Maji ya kutuliza yakikigusa kilango, kinafunguka mara moja, chumvi fulani inaingia ndani, na yule mpiga domo ananyamaza kidogo. Halafu kilango kinajifunga, naye anaendelea na umbea wake.

"Dawa yangu ile nyeupe kama maziwa," akasema Nusu, "usingizi haiuleti kutoka kwingine. Inakwenda kukaa ubavuni mwa kilango, inakizuia kisijifunge upesi. Chumvi inaingia, inaingia. Nyumba moja inanyamaza, ya pili, ya tatu, mpaka mtaa mzima. Hapo ndipo daktari anakata."

"Na hiyo nyingine? Ya wahuni?"

"Inakwenda kwenye vilango vilevile."

Bibi akamtazama. Naye Nusu, kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yake, akamtazama.

"Sasa ubongo nao si mjinga, mama. Kila usiku vilango vinashikwa, kila usiku. Unasema, mbona huku kimya kimezidi? Unaanza kupunguza vilango. Vinavyobaki vinakuwa vizito, haviitiki upesi. Na wale wapiga domo unawaongezea sauti. Mtu anatembea barabarani unamwona mzima. Lakini siku nikija mimi na kipimo changu cha kitabuni, nakuta vilango havinitambui."

 Bibi alikuwa mtu wa kazi, na kazi yake ya maisha ilikuwa watoto wa watu. Kabla ya mtaa kujua kwamba kuna nyumba za kulelea watoto, yeye alishajaza sebule vichanga. Mama zao wakienda kazini waliviacha kwake, naye alivinyamazisha kwa mgongo. Ilisemekana aliwahi kubeba wanne kwa shuka moja huku akichota maji, na hakuna aliyelia ila ndoo. Waliopita mgongoni mwake leo ni mahakimu na wezi, na wote wakimkuta njiani wanapunguza mwendo, usingizi unawajia.

"Kama mtoto wa mgongo," akasema.

"Vipi, mama?"

"Kuna mtoto mwingine unamweka kitandani, unamgonga kidogo hivi, amelala. Kuna mwingine mama yake amemzoesha mgongo. Huyo ukimlaza kitandani kama wenzake, anakukodolea macho. Umwimbie, umgonge, anakodoa tu. Mpaka umbebe, tena muda mrefu kuliko jana. Na kesho kuliko leo." Alikuwa anazungumza na dari. "Halafu ukimnyima mgongo ghafla, anatetemeka kwa kilio."

"Ndiyo huyohuyo, mama. Ila wangu akikodoa macho hawezi kulia. Nimeshamlegeza."

Bibi akaitoa mikono yake chini ya mapaja. Ilitetemeka juu ya shuka bila kuficha kitu, kama vifaranga viwili vimenyeshewa.

"Kwani huwezi kuzidisha tu?" akauliza. "Bila kuuliza watu mambo yao. Ukaweka ya mtu wa mgongo kwa wote."

"Nikimzidishia mzee ambaye hakuzoea, shinikizo la damu linaanguka, na moyo unaweza kusimama. Nikimpunguzia aliyezoea, anaamka ndani. Siwezi kukisia, mama. Kwa mtu mwingine siwezi, na kwako ndiyo kabisa. Nikirudi nyumbani nitamwambia nini binti yako?"

Neno binti lilimgusa kuliko neno moyo. Akauliza kama binti ataambiwa. Nusu akasema hapana. Muuguzi? Hapana. Ataandika wapi? Akasema ataiambia sindano tu, na sindano haina ndugu.

Bibi akacheka kidogo kwa pua, kicheko cha mtu anayeweka mzigo chini lakini bado ameshika kamba yake.

"Kikombe," akasema. "Kile kifuniko cha chupa. Kimoja, usiku, wakishalala."

"Mama."

"Viwili."

 Nusu alijifunza zamani kwamba mgonjwa akiachwa kimya, hesabu yake hupanda yenyewe.

"Siku za mvua, vitatu," bibi akasema. Kisha, baada ya kuvuta pumzi, "Na mwaka huu mvua imekuwa nyingi."

"Ya mwisho lini?"

"Juzi. Jana maumivu hayakuniacha niinuke." Akaitazama mikono yake kama mikono ya jirani asiyempenda. "Nimemwagiza binti yangu aniletee chupa, nikiamka nipate ya kutuliza tumbo. Nimemwambia asiifungue, chai itapoa."

Nusu akajipangusa uso kwa kiganja. Kichwani kipimo kilikuwa kimeanza kubadilika: cha kulaza kitapanda, lakini polepole, tone kwa tone, macho kwenye damu na moyo. Na akishaamka atahitaji dawa ya kumtuliza siku kadhaa, la sivyo mtetemeko huu utakuwa degedege. Yote hayo yalikuwa kazi, na kazi aliiweza hata akiwa nusu mfu. Kilichomchosha ni kwamba alipaswa kuuliza swali moja zaidi, nalo halikuwa la mkwe kuuliza.

"Tangu lini, mama?"

 Bibi alilaza kichwa upande wa ukuta, ukuta wenye rangi iliyobanduka mahali ambapo vichwa vya wengi vililazwa hivyohivyo.

"Tangu godoro," akasema.

Nusu hakuelewa mara moja.

"Siku ile nilipolitupa nje. Jioni nikafagia chumba chake nitoe na takataka zake. Nikakuta chupa nyuma ya mlango, imebaki nusu. Nikaenda nayo kwenye mtaro kuimwaga. Nikasema, ninuse kwanza, nijue ni uchafu gani huu uliomla baba na sasa unamla mtoto." Akakwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. "Ikawa inanuka yeye. Ile harufu ya shati lake. Nyumba nzima nilikuwa nimeshaipiga deki kwa dawa, hakukuwa na mahali pengine anaponukia. Sasa ningemwagaje?"

"Usingizi ulikuwa umekataa kabisa," akaendelea. "Nikaonja kidogo, nikalala. Na yeye alipoondoka aliniambia ameacha, hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Sikumsadiki. Ndiyo nikakaa naye miaka yote hiyo usiku, chupa kwa chupa, na mchana nasimama mbele za watu namsema. Nusu, mwanangu, mimi nikiingia humo ndani nisipotoka, nataka mtu mmoja amwambie huyo mtoto kwamba..."

Mlango ukagongwa mara moja na kufunguliwa kabla ya kuitikiwa.

Nusu alitegemea machela. Aliyetokea alikuwa mwanamume mpana wa mabega, shati limetobolewatobolewa na cheche za moto, amesimama kwenye kizingiti bila kukivuka. Nyusi moja ilikuwa ya baba yake, nyingine ya mama yake. Alikuwa ameishika chupa ya chai kwa mikono miwili, mbali kidogo na kifua, kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu. Kifuniko kilikuwa kimekazwa. Lakini hakuna mtu katika mji ule aliyeijua harufu ile kuliko yeye, na mwendo kutoka nyumbani kwa mama mpaka hospitali ni mrefu.

"Dada amenituma," akasema.

Bibi alikuwa bado ameinua mkono, ule aliokuwa anaelekezea maneno. Mkono ukabaki hewani, unatetemeka, mbele ya macho ya mwanawe.

Nusu akainuka bila kamati, akamwachia stuli.